Kitambi cha Uaisele na Sahani ya Dada Yake

Uaisele alikuwa karani katika maghala ya bandari ya Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyetu. Kazi yake ilikuwa kukaa. Asubuhi alikaa ndani ya gari, mchana alikaa kwenye kiti, jioni alikaa kibarazani. Kila siku saa moja asubuhi mkewe, Kalolaine, alimwekea chai yenye vijiko vinne vya sukari, mkate mweupe uliopakwa siagi pande mbili, na tambi za pakiti zilizochanganywa na nyama ya kopo. Akishamaliza alijipiga tumbo na kusema kwamba gari limejaa mafuta. Watoto wake watatu walicheka, ingawa utani ulikuwa uleule tangu mwaka juzi.

Mimi ni jirani yao. Ninawafundisha watu wazima kusoma katika ukumbi wa kanisa, na ninawaandikia wao hadithi hii. Sitaipaka sukari. Nilikula katika nyumba ile mara nyingi, nami nilicheka pamoja na wengine.

Kwetu mtu mwenye mwili mkubwa ni mtu aliyetunzwa. Mtu akikonda, watu huuliza nani anamnyima chakula. Ndiyo maana kitambi cha Uaisele kilikuwa sifa ya ukoo mzima, na aliyesifiwa zaidi kwa kukilea alikuwa dada yake mkubwa, Siutiti.

Siutiti alikuwa na miaka hamsini na minane. Mama yao alikufa mapema, na yeye ndiye aliyemlea Uaisele. Hata asingemlea, bado angekuwa juu yake. Kwetu dada yuko juu ya kaka. Shangazi akiingia, watoto wa kaka yake hushusha sauti. Akitaka mkeka wako mzuri kuliko yote, unamkunjia na kumbebea mpaka kwake. Sahani yake hairudishwi. Sahani hiyo ilikuja nyumbani kwa Uaisele kila Jumatano, na kila Jumapili baada ya ibada ukoo mzima ulikwenda kuila kwake. Zilikuwa mbavu za kondoo zenye mafuta meupe ya unene wa kidole, zimefungwa katika majani ya magimbi na tui zito, zimeivia chini ya ardhi juu ya mawe ya moto tangu alfajiri. Pembeni yake kulikuwa na viazi vikuu, mihogo na nguruwe mdogo wa kuchoma. Uaisele alikula mpaka jasho likamtoka. Siutiti alikaa karibu naye akimpepea.

Baba yao alikuwa amekula kutoka katika mikono hiyohiyo. Alipata kisukari, akakatwa mguu wa kulia, akakatwa wa kushoto, akafa akiwa na miaka hamsini na mitatu. Kwenye mazishi tulisema Mungu amempenda zaidi. Kisha tukala mbavu za kondoo kwa siku tatu. Uaisele, wakati hadithi hii inaanza, alikuwa na miaka arobaini na minne.

Mwaka ule kanisa letu lilitangaza mashindano ya kupunguza kitambi. Wanaume ishirini na sita waliandikishwa. Walipimwa viuno kwa futi ya fundi cherehani, nao walipewa wiki sita. Kiuno cha Uaisele kilikuwa sentimita mia moja na ishirini na nne. Aliposikia namba hiyo ikisomwa mbele ya watu aliona aibu, akaapa atashinda.

Njia aliyoitumia ilikuwa yetu kabisa. Alichukua kitambaa kirefu cha magome ambacho mkewe alikihifadhi kwa ajili ya harusi, akajizungushia tumboni mara nne. Juu yake akavaa ta'ovala, ule mkeka wetu wa kiunoni, akaukaza kwa kamba ya usumba mpaka macho yakamtoka. Hivyo ndivyo alivyokwenda kazini, na hivyo ndivyo alivyolala. Aliamini kwamba mafuta yakibanwa yatayeyuka. Asubuhi alifanya mazoezi ya kukunja tumbo mara mia mbili. Isipokuwa siku za sahani ya dada yake, asubuhi na mchana hakula kitu, alikunywa chai ya sukari tu. Jioni alikula biskuti nne na nusu kopo la samaki.

Wiki ya tano alianguka kanisani katikati ya wimbo. Wanaume wanne walimbeba nje. Mmoja alipomfungua kamba alikuta ngozi ya tumbo ina michubuko, tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Huyo alikuwa nesi Lupe wa zahanati ya kijiji, mwanamke mkavu wa maneno, ambaye nyumba yake iko nyuma ya nyumba ya Uaisele.

Hata hivyo Uaisele alishinda. Kiuno kilishuka mpaka mia moja na kumi na nne. Na Siutiti, kwa furaha, alichinja nguruwe wanne akaandaa karamu ya ushindi. Mezani palikuwa na kila kilichompa kaka yake kile kitambi. Tulikula kushangilia kwamba mtu ameacha kula. Hakuna aliyeona kichekesho hicho, au labda tulikiona tukaendelea kutafuna.

Miezi miwili baadaye nesi Lupe alipita nyumba kwa nyumba kuwapima tena washindani. Kiuno cha Uaisele kilikuwa mia moja na ishirini na saba.

Uaisele alisema futi imevutika. Nesi alimchoma kidole, akatia tone la damu katika kifaa chake, akasoma. Akamwambia kesho aje zahanati kabla ya kula chochote ili apimwe tena. Alipopimwa tena jibu halikubadilika. Jioni nesi alikwenda kukaa nao kibarazani. Mimi nilikuwapo, nimeleta ndizi.

"Kisukari bado hujakipata," nesi alimwambia. "Lakini umeshika mlango, kaka. Ukiendelea hivi, mwaka mmoja, labda miwili, utaingia. Na baba yako nilimfunga vidonda mimi mwenyewe, kwa hiyo najua unakoingia."

Kalolaine alikuwa anamenya magimbi. Kisu kilisimama. Aliuliza kama bado inawezekana kurudi nyuma.

"Inawezekana. Ndiyo maana nimekuja kupiga kelele sasa, sijangoja mpaka nije na bandeji."

Uaisele alilalamika. Alisema alifanya mazoezi ya tumbo mara mia mbili kila siku, sasa kwa nini tumbo limerudi, tena na ndugu zake?

"Mazoezi yale yanajenga nyama ya tumbo," nesi alisema. "Hiyo nyama iko chini. Mafuta yako juu yake, na mengine yako ndani kabisa, yamezunguka ini na utumbo. Hayo ya ndani ndiyo yanayoleta kisukari na kuharibu moyo. Huwezi kuyaambia, ninyi wa kiunoni, tokeni. Mwili hutoa mafuta kote kidogo kidogo, na ya kiunoni yana ukaidi, yanachelewa kuonekana yamepungua. Mtu anakata tamaa wiki ya tatu, kumbe kazi ilikuwa imeanza."

"Na kamba?"

"Kamba inabana utumbo na pumzi. Ukiifungua, mafuta yanakuamkia shikamoo."

Nilicheka. Uaisele hakucheka. Aliuliza na ile njaa je, mbona alipungua sentimita kumi?

Nesi alimweleza bila haraka. Mtu akijishindisha njaa, hupoteza maji na nyama ya misuli pamoja na mafuta kidogo. Akirudi kula, mafuta hurudi haraka, lakini misuli hairudi yenyewe. Hivyo hubaki dhaifu kuliko mwanzo na mnene kuliko mwanzo. Haraka haraka haina baraka, alisema, na kwenye kiuno ndiyo haina kabisa. Apunguze nusu kilo kwa wiki, basi.

Kisha alimfundisha Kalolaine kupima. Tafuta mfupa wa mwisho wa mbavu. Tafuta mfupa wa juu wa nyonga. Katikati ya mifupa hiyo zungusha futi, usiibane. Mtu atoe pumzi kwa utulivu, asivute tumbo ndani. Mwanamume akizidi sentimita mia moja na mbili, hatari ni kubwa. Mwanamke akizidi themanini na nane, naye vilevile. Kalolaine alijizungushia futi yeye mwenyewe, akaitazama, akaikunja bila kutusomea namba.

Kuhusu chakula, nesi alichukua sahani tupu akachora mistari kwa kidole. Nusu ya sahani iwe mboga, majani ya magimbi, kabichi, maboga machanga. Robo iwe gimbi au kiazi kikuu, kiasi cha ngumi moja. Robo iwe samaki, kuku asiye na ngozi, au maharage. Tui liwe jepesi na liwe kidogo. Mbavu za kondoo na nyama ya kopo ziondoke. Soda iondoke. Chai inywewe bila sukari, na kama ulimi unakataa, upunguze kijiko kimoja kila wiki.

"Na kutembea," alisema. "Nusu saa kila siku, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Wiki ya kwanza hata dakika kumi zinatosha. Na una shamba lako kule nyuma ya kijiji, unalipia trekta. Jembe liko wapi?"

Uaisele alisema jembe lina kutu.

"Afadhali jembe kuliko wewe," nesi alisema, akaaga.

Nitawasifu pale wanapostahili. Walianza kesho yake. Saa kumi na moja na nusu asubuhi niliwaona wakipita mbele ya nyumba yangu kwenda shambani, mume anahema nyuma, mke yuko mbele. Wiki ya kwanza walifika kwenye mti wa mkunazi wakarudi. Wiki ya tatu walifika shambani, na Uaisele akalima mistari miwili ya magimbi kwa mkono. Jumapili kwetu hakuna kazi wala mazoezi, kwa hiyo alitembea kwenda kanisani badala ya kuendesha gari. Watu walimpa pole, wakidhani gari limeharibika.

Nyumbani Kalolaine alipika samaki kwa ndimu na majani. Watoto walinung'unika siku nne, siku ya tano walikula. Uaisele alishinda na njaa mwanzoni, akawa mkali. Nesi alimwambia ale yai au ndizi mbivu moja asubuhi, asikae na tumbo tupu mpaka jioni halafu avamie sufuria. Baada ya wiki sita kiuno kilikuwa mia moja na ishirini na mbili. Sentimita tano, bila kamba, bila kuanguka.

Na hapo kikagoma. Mwezi uliofuata kilikuwa mia moja na ishirini na moja. Mwezi wa pili, mia moja na ishirini na moja. Kalolaine alipima mara tatu akidhani amekosea. Hakuwa amekosea. Jumatano na Jumapili mumewe alikuwa anakula sahani ya dada yake.

Nesi aliwaambia wazi kwamba siku mbili za karamu zinafuta siku tano za juhudi. Mwambieni Siutiti. Uaisele aliinamisha kichwa.

"Nitamwambiaje Siutiti hapana?" alisema. "Mtu aliyenitafunia chakula nikiwa sina meno?"

Kalolaine alingoja. Jumatano ikaja, sahani ikaja. Jumatano nyingine, sahani nyingine. Ya tatu aliipokea mlangoni, akashukuru kwa adabu, akapita nayo moja kwa moja mpaka uani, akawamwagia nguruwe.

Alifanya hivyo Jumatano tano, na mumewe hakuuliza sahani iko wapi. Kiuno kikashuka mpaka mia moja na kumi na tisa. Jumatano ya sita Siutiti aliileta mwenyewe, na kwa kuwa mlangoni hapakuwa na mtu, alizunguka nyuma. Alimkuta Kalolaine ameinama kwenye zizi na fungu la mbavu katika majani mkononi. Lilikuwa la wiki iliyopita, lililokuwa limebaki. Siutiti aliweka sahani yake chini taratibu.

Nilikuwa naanika nguo. Nilisikia yote.

"Kumbe nilikuwa nawapikia nguruwe," Siutiti alisema. "Ungeniambia, wifi, nisingetia chumvi."

Kalolaine alipiga magoti hapohapo kwenye matope. Aliomba radhi. Alisema nesi amemwonya Uaisele, sukari iko mlangoni, mafuta yale ni sumu kwake.

"Sumu?" Siutiti alisema. "Nimemlea mtoto wa mama yangu kwa sumu? Wewe umeolewa hapa juzi. Ulipokuja ulikuta mwanamume amesimama. Nani alimsimamisha?"

Ndipo Kalolaine alisema neno ambalo mke wa kaka hasemi. Alisema kwa sauti ndogo, bado amepiga magoti.

"Baba yenu alikula hivihivi, wifi. Mlimzika bila miguu."

Siutiti hakumpiga. Ingekuwa afadhali angempiga. Alimtazama, akamwambia asikanyage kwake, akaondoka. Sahani aliiacha.

Jioni Uaisele aliambiwa. Nilidhani atasimama upande wa mkewe, maana ni yeye anayeokolewa. Alioga, akavaa mkeka wake, akaenda kwa dada yake kula. Alirudi akiwa ameshiba na hakumtazama mkewe usoni.

Jumamosi Kalolaine alivaa mkeka mkubwa uliochakaa, ule wa kujishusha, akaenda kukaa chini uani kwa Siutiti kuomba msamaha kama inavyotakiwa. Alikaa tangu asubuhi. Kwa kawaida aliyekosewa hutoka baada ya muda, akamwinua mwombaji. Siutiti hakutoka. Jua lilipanda. Wanawake tulipita njiani na vikapu vyetu, tukageuza macho. Nilimwona, nikajiambia nina mikate kwenye oveni. Mikate ilikuwa imeshatoka. Ingenigharimu nini kukaa naye dakika kumi? Saa nane mchana alinyanyuka mwenyewe, akarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo kwenye kwaya hakuna aliyemsogezea nafasi. Watu walisema ana kiburi, mchoyo, ana mdomo kwa wafu. Nyumbani kwake bado alipika samaki na majani. Bado aliamka alfajiri kutembea, lakini sasa alitembea peke yake, kwa sababu mumewe aliona aibu kuonekana naye. Kiuno cha Kalolaine mwenyewe kilishuka mpaka themanini na tisa. Cha Uaisele kilipanda tena, mia moja na ishirini na tano. Nesi alimpima sukari. Alimwambia kwamba sasa hajashika mlango tena, mguu mmoja uko ndani.

Miezi saba ilipita hivyo.

Siutiti alikuwa amekanyaga kombe pwani wakati wa kuokota chaza. Kidonda kilikuwa kidogo, chini ya kidole gumba. Hakukisikia kwa sababu nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi muda mrefu, naye hakumwambia mtu. Alikipaka majani akavaa soksi. Hakuwa amewahi kupimwa sukari hata mara moja. Alisema kupimwa ni kuita ugonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye aliumbuliwa na harufu. Jumapili moja mezani, juu ya harufu ya nguruwe wa kuchoma, tulisikia harufu nyingine. Watoto walitazamana. Uaisele alimvua dada yake soksi kwa mikono yake mwenyewe, kisha akatoka nje kutapika.

Hospitali walifanya walichoweza. Walimkata chini ya goti, mguu wa kulia, kama baba yake alivyoanza.

Uaisele alimuuguza wiki tatu. Alikuwa analala kwenye mkeka kando ya kitanda. Alirudi nyumbani kubadili nguo tu. Siku moja Kalolaine alimkuta ameshika futi, amejizungushia, analia kama mtoto. Alimwambia mkewe kwamba mgonjwa wa kitanda cha jirani ana miaka arobaini na mmoja, na sukari imempofusha.

"Nilikuacha peke yako kwenye matope," alisema.

"Ndiyo," Kalolaine alisema. "Uliniacha."

Hakumfariji, na mimi namsifu kwa hilo. Asubuhi walitoka kutembea wote wawili.

Siutiti alirudi nyumbani siku ya Ijumaa. Jumapili ukoo ulijaa kwake, watu thelathini na zaidi, na wapishi walikuwa wamefukia chakula tangu alfajiri kama kawaida. Walikuwa wameongeza, kwa heshima ya mgonjwa. Mbavu za kondoo zilikuwa masanduku mawili. Walimleta kwenye kiti cha magurudumu wakamweka mwanzo wa meza. Alitazama chakula muda mrefu. Mchungaji alitaka kuomba, akamzuia kwa mkono.

"Kuanzia leo," Siutiti alisema, "mbavu hizi haziingii katika ukoo huu. Wala nyama ya kopo, wala soda. Si Jumapili, si msibani, si harusini. Atakayeleta, amenitukana mimi."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hakuna aliyesema kwamba mila ni mila. Vijana walibeba mafungu yale ya mbavu nje. Ndani ya robo saa meza ilibaki na samaki, majani na magimbi. Watu thelathini walikula walichopewa. Ilikuwa rahisi kiasi hicho, na nilipoona ilivyokuwa rahisi nilishikwa na hasira ambayo haijanitoka mpaka leo.

Sasa ni miezi kumi tangu Jumapili ile. Uaisele analima magimbi yake kwa jembe, na trekta hajaliita tena. Sahani yake ni ile aliyochora nesi kwa kidole. Kiuno chake ni sentimita mia moja na tatu. Bado hajafika, lakini kinashuka, polepole, bila kugoma, na sukari yake imerudi upande wa nje wa mlango. Nesi anampima kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu mlango ule haujifungi moja kwa moja. Kaya nyingine tisa zimefuata. Mimi mwenyewe nilipimwa, nikakutwa na presha, na sasa natembea nao.

Kanisani mchungaji alimsifu Siutiti kwa hekima yake. Alisema mama huyu ameokoa ukoo. Watu waliitikia amina. Nilimtazama Kalolaine pale kwenye kwaya, pembeni kabisa, ambako bado ndiko anakokaa. Alikuwa anatafuta ukurasa wa wimbo.

Kila siku anakwenda kumwosha wifi yake na kumfunga kidonda kinachokawia kupona, kwa kuwa wengine wanaogopa kukiangalia, na lile neno la asikanyage halijatajwa tena. Juzi nilimsindikiza. Siutiti alisema bila kumtazama.

"Ulijua, wifi. Mbona hukusema kwa nguvu?"

Kalolaine aliendelea kuzungusha bandeji.

"Nilisema," alijibu. "Nilikaa uani kwako tangu asubuhi mpaka saa nane."

 Kwetu aliye juu haombi radhi kwa aliye chini, na sidhani kama Siutiti alijua maneno ya kuanzia. Mimi nayajua. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, mtu asiye juu ya Kalolaine wala chini yake, mwalimu anayewafundisha wengine kusoma, na jua la Jumamosi ile nilikuwa nimeliona kwa macho yangu.

"Kalolaine," nilimwambia, "nilikuona. Nikapita."

Alifunga ncha ya bandeji, akanawa mikono.

"Najua," alisema. "Mlikuwa wengi."